Ngazi ya mbao yenye kona: vidato vitatu vikae vipi kwenye nguzo?

Swali: "Fundi, salaam aleikum. Nimepandisha ghorofa moja Ngamiani, hapa Tanga, na nataka ngazi ya mbao inayokata kona ya nyuzi 90. Nafasi niliyonayo ni mita 2 upande wa kuanzia na mita 3 upande wa kumalizia. Kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu ni sentimita 288, na zege la ghorofa pamoja na plasta na taili ni sentimita 20. Fundi wa kwanza ameniambia kona lazima iwe jukwaa, yaani sakafu ndogo tambarare ya kugeukia. Wa pili anataka kuweka vidato vitatu, vyote viishie katikati ya nguzo ya kona. Nimsikilize yupi? Na ninunue mbao gani, kiasi gani?"

Jibu: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Jukwaa halitaenea kwenye nafasi yako, kwa hiyo ni vidato vitatu vya kona. Ila si kwa namna anayotaka fundi wa pili. Vidato vikiishia katikati ya nguzo, vitakuja kumwangusha mtu, na kwa kawaida mtu huanguka wakati wa kushuka. Vipimo vyote hapa chini ni milimita, isipokuwa mbao za dukani, ambazo huuzwa kwa inchi na futi.

Kwanza kimo. 2,880 ukigawa kwa 16 unapata 180 kamili, yaani raiza 16 (raiza ni ubao wa wima unaofunga nafasi kati ya kidato na kidato) na vidato 15, kwa sababu sakafu ya juu yenyewe ndiyo kidato cha mwisho. Kina cha kidato, kutoka uso wa raiza moja hadi uso wa inayofuata, kiwe 255. Kimo cha raiza mara mbili ukijumlisha na kina unapata 615, na kwa mguu wa mtu mzima hesabu hiyo ikiwa kati ya 600 na 640 ngazi haichoshi. Panga vidato vinne vilivyonyooka chini, vitatu vya kona, kisha vinane juu.

Sababu ya kulikataa jukwaa ni hii: linakaa mahali pa vidato vitatu lakini linahesabiwa kimoja. Viwili vilivyobaki vinarudi kwenye sehemu iliyonyooka na kudai 510 zaidi. Hata ukitoa kinachookolewa pale konani, bado ngazi inarefuka kwa kama 400, na wewe kwa mpangilio wa vidato vya kona unabakiwa na 60 upande wa chini na 40 upande wa juu. Anayekuahidi jukwaa kwenye nafasi hiyo atakuja kukiminya kina cha vidato au kuzidisha kimo, na hutaliona hilo mpaka siku ya kupanda na ndoo ya maji.

Hakikisha pia kimo cha kichwa, yaani nafasi kati ya kidato na zege la juu yake, kabla zege halijakatwa au kumwagwa. Chini ya zege lako ni 2,680 kutoka sakafuni. Ukitaka 2,000 juu ya kila mdomo wa kidato, yaani ukingo wake wa mbele, ukingo wa tundu la zege usivuke 700 kutoka uso wa raiza ya kwanza. Vidato vitatu vya mwanzo vinaweza kuwa chini ya zege. Cha nne lazima kiwe ndani ya tundu.

Sasa kona yenyewe, ambayo ndiyo kazi. Usikate ubao wowote kabla hujaichora kwa ukubwa wake halisi juu ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4. Mchoro mdogo wa karatasi hauoni kosa la milimita tano, na pale kwenye nguzo milimita tano ni nyingi.

Chora mistari miwili inayokutana kwa skwea: hizo ni nyuso za ndani za stringa za ukutani (stringa ni ubao mrefu wa pembeni unaobeba vidato). Pima 820 kuja ndani kutoka kila mstari, uchore mingine miwili: hizo ni nyuso za stringa za ndani, na zinapokutana paite O. Stringa ina unene wa 40 na nguzo ni 90 kwa 90, na stringa inaingia katikati ya nguzo, kwa hiyo nguzo inatokeza 25 mbele ya O kwa kila upande wenye vidato. Ichore kamili, na kona yake iliyotokeza iwe inaelekea kona ya ukuta.

Weka bikari kwenye O, nusu kipenyo 410, na upige robo ya duara. Huo ndio mstari wa mwendo, yaani katikati ya upana, mguu unapokanyaga. Uendeleze kwa mstari ulionyooka pande zote mbili. Raiza ya kuingilia kona, ambayo ni ya tano, iwe 60 kabla ya usawa wa O. Ya kutokea kona, ya nane, iwe 60 baada yake. Robo ya duara ina urefu wa 644, ukiongeza 60 na 60 unapata 764, na ukigawa kwa tatu ni 255. Umeona? Kina cha vidato vya kona kwenye mstari wa mwendo ni kilekile cha vidato vilivyonyooka, kwa hiyo mguu hauhisi mabadiliko. Upana wa 820 umechaguliwa kwa ajili hiyo. Ukitaka 900, piga hesabu upya. Ili kugawa ule mduara, chukua ufito mwembamba unaopindika, weka alama kila 255, uukunje juu ya mstari na uhamishe alama. Ukipima kwa rula iliyonyooka juu ya mduara utapotea.

Kwenye nguzo, raiza ya tano inagusa 5 kutoka ukingo wa nguzo. Kutoka hapo pima 50 kuelekea kona ya nguzo: hapo ndipo raiza ya sita inapoingia, na zinabaki 35 kufika kwenye kona. Upande wa pili ni vivyo hivyo kwa raiza ya saba na ya nane. Kidato cha kati, chenye umbo la kishada (tiara wanayorusha watoto), kinakumbatia kona ya nguzo kwa 35 kila upande, na ukipima kimshazari kina karibu 50. Kila kidato cha kona kwa hiyo kina 50 kwenye ncha yake nyembamba. Kanuni za Uingereza zinataka kisipungue 50. Za Marekani zinataka 152, na hiyo inahitaji nafasi ambayo wewe huna. Kwa hiyo hiyo 50 ilinde, fundi asikupunguzie hata kidogo kwa ajili ya urembo wa nguzo.

Fundi wako wa pili angepata nini? Mistari yote ikitoka katikati ya nguzo hiyohiyo, ncha za vidato zinabaki na 26 au 27 tu, na kwenye mstari wa mwendo kina kinashuka hadi kama 228. Mtu ameshazoea 255 kwa vidato vinane akishuka, ghafla kisigino kinapata pungufu ya sentimita karibu tatu, tena anageuka.

Sasa unganisha alama za nguzo na alama za mstari wa mwendo, uendelee hadi ukutani. Kama mchoro ni sahihi, kwenye stringa ya ukutani kidato cha kwanza cha kona kitakuwa na 512, kishada kitakuwa na 368 kila upande wa kona, na cha tatu 512. Vipimo hivyo vikikataa kwa zaidi ya milimita tatu, rudia mchoro.

Mbao. Mtiki wa shamba la Longuza, pale Muheza, uko karibu nawe na unafaa sana, kwa sharti uchague moyo wa mti. Ile sehemu nyeupe ya pembeni mchwa hauiachi. Mninga unatulia vizuri zaidi na randa inapita juu yake kwa raha. Kama mfuko unaruhusu, mimi ningeuweka kwenye vidato na stringa. Paina usiiweke kwenye vidato: mdomo unabonyea ndani ya miezi.

Kiasi: kwa vidato 12 vilivyonyooka, mbao 7 za 2×6 za futi 12, kila kidato kikiunganishwa vipande viwili hadi upana wa 280 (255 na mdomo wa 25). Kwa vidato vya kona, mbao 4 za 2×8 za futi 12, kwa kuwa kila kimoja kinahitaji vipande vitatu kufikisha 540, na kishada kina urefu wa kama 1,150. Kwa stringa, 2×10: moja ya futi 14 kwa stringa ndefu ya ukutani, na tatu za futi 12. Kwa raiza, mbao 5 za 1×8. Kwa nguzo, 4×4: moja ya futi 8 kwa kona, na mbili za futi 4 kwa chini na juu. Mikono ya ngazi na fito zake zihesabu kando. Vidato virandwe hadi 38, stringa 40, raiza 20.

Ukavu ndio unaoua ngazi nyingi za pwani. Ubao unaouzwa "mkavu" mara nyingi umekauka juu tu. Hewa ya Tanga inatulizia mbao kwenye unyevu wa asilimia 14 au 15. Ukijenga na ubao wa asilimia 20, kidato cha kona chenye upana wa 540 kitasinyaa kati ya milimita 3 na 6, na utaona ufa mweusi pale kinapoingia kwenye stringa. Kama huna kipima unyevu, mizani ya jikoni inatosha. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si mwishoni, ukipime papo hapo. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 na ukipime kila baada ya saa mbili mpaka uzito ukome kushuka. Kilianza gramu 230, kikaishia 200? Gramu 30 gawa kwa 200: asilimia 15, ubao uko tayari. Kilianza 244? Hiyo ni 22, upange kwa vitenganishi kivulini, upepo upite, na usubiri. Kaskazi ndiyo saa nzuri ya kukausha. Masika usitarajie kitu.

Mtiki una mafuta. Unapounganisha, randa kingo siku hiyohiyo, zifute kwa kitambaa chenye asetoni, acha zikauke dakika chache, kisha gundi na klempu mara moja. Kingo zilizorandwa jana hazishiki vizuri. Na nyuzi za mbao za kidato cha kona ziende sambamba na mdomo wake, si sambamba na ukuta. Vinginevyo mdomo unakatika pale penye nyuzi fupi.

Kuchora stringa: kwenye sehemu iliyonyooka, kutoka mdomo hadi mdomo kwa mshazari ni 312. Usipige hatua kwa hatua na bikari, kwa sababu kosa la milimita moja linakuwa nane kwenye vidato vinane. Tumia utepe kutoka alama ya kwanza: 312, 624, 936, mpaka cha nane kwenye 2,497. Acha 40 juu ya midomo ya vidato hadi ukingo wa stringa. Sehemu ya kona, hata hivyo, mwinuko kwenye ukuta unakuwa mpole ghafla (180 kwa 512), kwa hiyo 2×10 haitatosha upana. Gundisha kipande cha ziada kwenye ukingo wa juu au wa chini kadiri mchoro unavyoonyesha, ukilaze mkunjo taratibu, usiache kona kali. Kipande kilichobaki kwenye ubao wa stringa fupi ya ukutani kinafaa kwa hilo.

Mifereji ya kupokea vidato iwe na kina cha 12. Tengeneza kigezo cha plaiwudi chenye umbo la kidato pamoja na nafasi ya kabari, ambayo inapanuka kuelekea nyuma. Upande wa mdomo toboa tundu la 38 la kuzunguka ili mdomo uliochongwa mviringo uingie wenyewe, kisha katiza pande mbili kwa msumeno wa mgongo na uondoe katikati kwa patasi. Raiza za sita na saba zinaingia ukutani kwa mshazari, kama nyuzi 30 kutoka skwea ya stringa, hivyo mfereji wake nao ukatwe mshazari. Usikisie: weka skwea ya kukunja juu ya mchoro wa plaiwudi na uihamishie kwenye ubao. Raiza hizo mbili ni ndefu kuliko nyingine, kama 945 pamoja na sehemu zinazozama.

Nguzo ya kona ichore kwenye nyuso zake mbili tu zinazotazama vidato, kwa kimo kutoka sakafu iliyokamilika: juu ya kidato cha tano ni 900, kishada ni 1,080, cha saba ni 1,260. Kwenye uso wa kwanza raiza ya tano inapanda hadi 900 ikiwa 5 kutoka ukingo, na ya sita inaanza 900 ikiwa 55 kutoka ukingo huohuo. Kishada kinakatwa pembe ndani ili kikumbatie kona. Hapa mafundi wengi hukwama: mdomo wa kidato cha tano unatokeza 25 mbele ya raiza, na raiza iko 5 tu kutoka ukingo wa nguzo, kwa hiyo mdomo unavuka nguzo kwa 20 na kugonga stringa. Ukate mdomo ili uizunguke nguzo, na mkato huo uujaribu kwanza kwenye kipande cha taka. Stringa za ndani ziingie nguzoni kwa ulimi na tundu, na vigingi vya mti vya 12, tundu la kigingi kwenye ulimi likisogezwa milimita moja na nusu kuelekea bega ili kigingi kivute kiungo kikaze.

Kuunganisha: vidato vilivyonyooka viunganishe chini, karakanani, kona ijengwe palepale kwenye nyumba, maana ikishaunganishwa haipiti mlangoni. Chonga kabari kama 70 za mbao ngumu kavu, urefu 200, unene 20 kwenda 8. Kwenye kila kidato paka gundi, piga kabari ya chini ya kidato kwanza, ikate sawa na mstari wa raiza, kisha kabari ya nyuma ya raiza. Raiza ifungwe kwenye ukingo wa nyuma wa kidato kwa skrubu nne, na chini, kwenye pembe ya kidato na raiza, gundisha vipande vya mbao vya 75, vitatu kwa kila kidato. Vipande hivyo vikirukwa, ngazi italia "kwii" mwaka wa kwanza, na sauti hiyo ni ubao unaosugua ubao kwa sababu haujashikwa. Chini ya kishada weka boriti ndogo ya 50 kwa 75 kutoka nguzo hadi kona ya ukuta. Skrubu zote ziwe zisizoshika kutu; chumvi ya bahari inamaliza za kawaida.

Stringa isibane ukuta moja kwa moja. Acha 10 kwa vipande vya kusogeza, na miguu ya nguzo na stringa ikae juu ya plastiki nzito, isiguse zege lenye unyevu.

Kosa moja la mwisho, linatokea karibu kila nyumba inayojengwa kwa awamu: ngazi inawekwa kabla ya taili. Tuseme taili na udongo wake ni 40. Kidato cha kwanza kitabaki na kimo cha 140 na cha mwisho kitakuwa 220, wakati vyote vya katikati ni 180. Tafuta ufito mrefu wa mbao, uwekee alama 16 za 180, na uusimamishe kwa timazi kutoka kwenye kipande cha taili kilicholazwa chini hadi kipande cha taili kilicholazwa juu. Alama ya mwisho ikutane na uso wa taili ya juu. Isipokutana, gawa upya kwa 16 kabla ya kukata stringa.

Mkono wa ngazi uwe 900 juu ya midomo ya vidato, na nafasi kati ya fito isizidi 100 ili kichwa cha mtoto kisipite. Mwingine uweke upande wa ukuta, hasa pale konani, kwa kuwa mtu anayeshuka anatakiwa akanyage upande mpana, na mkono wake utafuata kishikio kilipo. Vanishi ya polyurethane, tabaka tatu, isiwe ya kung'aa sana juu ya vidato, na tabaka la kwanza lipakwe pia chini na kwenye miisho ya vidato kabla havijaingia kwenye mifereji.

Fundi wa pili usimwache, mpe plaiwudi na bikari akuchoree kona kwa ukubwa wake. Ukipima ncha tatu kwenye nguzo na kila moja ikawa 50, na upande wa ukutani ukasoma 512, 368 na 512, mpe kazi.